Maswali ya Wasomaji: Saladi ya Wakili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu wa hoteli moja hapa Moshi. Mpishi wetu aliandaa orodha ya vyakula kwa Kifaransa kwa ajili ya kundi la wapanda mlima kutoka Ufaransa, nami nikaagizwa kuitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wenyeji. Nilitumia programu ya simu na kamusi. Jioni ile wenyeji walisoma “saladi ya wakili” na “mkate uliopotea”, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja aliagiza “wali wa ndama”, akaletewa sahani isiyo na hata punje moja ya wali. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, kosa lako ni la kawaida, na kicheko chenyewe kina mafunzo mengi. Katika Kifaransa neno “avocat” lina maana mbili, wakili na parachichi, na maneno hayo mawili hayana undugu wowote: la wakili limetoka katika Kilatini, ilhali la tunda limesafiri kutoka lugha ya Kinahuatl ya Meksiko kupitia Kihispania. Saladi yako, basi, ni ya tunda lile lile lililojaa vihambani kwenu.

Huyo mama ndiye ninayemsikitikia zaidi. “Ris de veau” hutamkwa sawasawa na “riz”, yaani mchele, lakini “ris” ni tezi laini iliyo kati ya shingo na kifua cha ndama, ambayo hunywea kadiri mnyama anavyokua. Wafaransa huithamini sana. Hata hivyo, mtu ana haki ya kujua anachokwenda kula kabla hakijafika mezani. “Pain perdu” ni mkate uliokauka ambao ungetupwa, ukaokolewa kwa kuchovywa katika maziwa na mayai kisha kukaangwa. Andika tu “mkate wa kuchovya mayai”, kila mtu atakuelewa.

Shauri langu ni kwamba jina la chakula lisitafsiriwe neno kwa neno. Liache jina kama lilivyo, kisha ueleze chini yake kilichomo na namna kilivyopikwa. Mtu akitafsiri “pomme de terre” kuwa “tofaa la ardhini”, nani atajua kwamba anaagiza kiazi? Nasi tunayo majina ya namna hiyo. Mtori ubaki mtori, ukiongezewa maelezo kwamba ni supu nzito ya ndizi na nyama. Na siku mtakapowaandikia Wafaransa orodha ya vyakula vyetu, kuweni waangalifu zaidi na kitimoto, kwa sababu mgeni Mwislamu atakayesoma maneno yenye maana ya kiti chenye moto hatakuwa na njia yoyote ya kutambua kwamba ni nyama ya nguruwe.