Kupata DNA ya malaria kwenye damu ya mgonjwa: usikimbilie saponini

Mkuu, umeuliza saponini (kemikali ya mimea inayotoa povu kama sabuni, inayopasua seli) uweke kiasi gani ili ubaki na vimelea vitupu vya falciparum, aina mojawapo ya malaria, unataka DNA yao. Kiasi nitakutajia, ila kwanza: seli nyeupe za damu umezifanyaje?

Mimi niliziacha. Nilimwaga saponini kwenye damu nzima, nikazungusha kwenye sentrifuji, nikapata kitonge kizuri cha kahawia, nikatamba maabara nzima. Majibu ya kusoma DNA yaliporudi, karibu yote binadamu! Seli nyekundu haina kiini, haikupi shida hiyo hata maganda yake yakibaki. Lakini seli nyeupe moja ina herufi za DNA kama bilioni 6, na kimelea kimoja kichanga kama milioni 23. Yaani seli nyeupe moja inafunika vimelea zaidi ya 250.

Siku hizi damu ikishatoka, kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau (yenye dawa ya kuzuia isigande), naipitisha siku hiyohiyo kwenye safu, yaani bomba lililojazwa unga wa selulosi, niliyoilowesha kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli). Nyeupe zinanasa juu, nyekundu zinashuka na vimelea vyake ndani. Damu iliyolala usinipe: nyeupe zimeshaanza kupasuka, na DNA iliyomwagika safu haiizuii.

Hapo sasa ndiyo saponini, asilimia 0.1 kwenye PBS ya baridi, tyubu ikae kwenye barafu dakika tano mpaka kumi. Ule ukungu wa damu unapotea, inang'aa kama juisi ya rozela. Saponini hushika kolesteroli na kutoboa utando wa seli nyekundu. Utando wa kimelea chenyewe una kolesteroli kidogo, hivyo kinapona. Zungusha, osha mpaka maji ya juu yasiwe na rangi.

Wanaokushauri uvute vimelea kwa sumaku hawadanganyi, ila wanazungumzia vimelea vya kuoteshwa maabara. Kimelea kikila himoglobini huacha punje za himozoini zenye chuma, na hizo ndizo sumaku inazovuta. Kwa mgonjwa, falciparum waliokomaa wamejibanza kwenye mishipa midogo. Unachochota kwenye mshipa wa mkono ni pete, yaani vimelea vichanga vyenye umbo la pete, zisizo na punje za kutosha. Labda ukute gametositi (vimelea vya hatua ya uzazi). Sorbitoli (kemikali ya jamii ya sukari) ya asilimia 5 nayo sahau, hiyo inapasua seli zenye vimelea vilivyokomaa na kukuachia pete ndani ya seli zao.

Piga slaidi (tone la damu kwenye kioo, uliangalie kwa hadubini) kabla ya safu na baada yake, uhesabu nyeupe mwenyewe. Zikiwepo bado, pitisha tena kwenye safu mpya. Mimi siku ile kupiga slaidi niliona kunanichelewesha.