Jibu: 20W-50 kwa Corolla ya 1998?

Ndugu uliyeuliza, kabla fundi hajakumwagia 20W-50, yaani oili nzito ya injini, eti kwa sababu gari ni la zamani, pima kwanza oili inapungua kiasi gani. Kiwango kwenye kijiti cha kupimia oili kikishuka kidogo tu kati ya sevisi, 10W-40, ambayo ni nyepesi zaidi, inatosha. Asubuhi za Julai hapa Nairobi oili nzito huchelewa kufika juu ya injini, ndiyo ile ta-ta-ta unayoisikia ukiwasha. Moshi wa buluu wakati huohuo? Mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka (vipira vinavyozuia oili kuingia kwenye silinda), na oili nzito itauficha tu ugonjwa. Gari langu nililinywesha 20W-50 mwaka mzima, likawa zito na bado likavuja oili. Halafu nunua mkebe ambao haujafunguliwa. Ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, achana nayo kabisa.