Hesabu zisikufukuze kwenye elimu ya magonjwa

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu anaweza kusomea chanzo na mwenendo wa magonjwa katika jamii bila kuwa daktari, na kama hesabu zitakushinda. Udaktari si sharti. Hesabu, hasa takwimu, huwezi kuzikwepa, ila zinafundishika, na humu ndani zina kazi ya maana.

Tazama kipindupindu cha London mwaka 1854. Wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Daktari Mwingereza John Snow akafuatilia waliofariki walichota maji wapi, akatia alama za vifo kwenye ramani, navyo vikaonekana vimejazana kuzunguka pampu ya Broad Street. Mimi hunigusa zaidi walionusurika: kwenye kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hakufa mfanyakazi hata mmoja, maana walikunywa bia na walikuwa na kisima chao. Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alikuja kumtambua bakteria mwenyewe wa kipindupindu miaka 30 hivi baadaye!

Kwa hiyo jizoeze kuuliza nani kaugua, nani hakuugua, wanatofautiana wapi. Uliza pia ni kati ya wangapi: wagonjwa 50 kati ya watu 1,000 si sawa na 50 kati ya 100,000.

Biolojia unaipenda tayari, sawa. Sosholojia usiidharau hata kidogo: kifua kikuu hufuata msongamano na lishe duni, na hilo hutaliona kwenye hadubini. Ukipata nafasi ya kujaza madodoso nyumba kwa nyumba, ichukue kabla hujachagua chuo.