Thamani haiko kwenye nyumba moja

Umeuliza nyumba ambayo hajawahi kuishi mtu maarufu ina urithi gani. Inao, tena mwingi, ila usiutafute kwenye nyumba moja. Tazama mtaa mzima: mapaa yanalingana kimo, baraza zote zimerudi nyuma ya barabara kwa umbali uleule, madirisha yanafuatana. Ukibomoa ya katikati ukapandisha ghorofa, hilo ni pengo la jino la mbele. Nyumba zilizobaki zote zinapungukiwa.

Mkataba wa Burra wa Australia, mwongozo wa kuhifadhi mahali penye urithi uliopitishwa mwaka 1979, haupimi umaarufu peke yake. Unaangalia uzuri, historia, elimu inayoweza kupatikana hapo, na uzito wa mahali kwa jamii. Nyumba za makarani na mafundi zinaeleza maisha ya watu wa kawaida, ambayo nyaraka huyagusa kwa nadra sana.

Sogea karibu na ukuta. Utaona alama za mwiko kwenye lipu, na matofali yaliyoungwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, huruhusu unyevu utoke. Nakuomba sana, msizibe viungo hivyo kwa saruji: unyevu hunaswa ndani na uso wa tofali huanza kumeguka vipande. Nyumba nyingi huharibiwa hivyo na wenyewe wanaozipenda.

Kuongeza vyumba nyuma si kosa. Acheni tu sehemu ya mbele na paa kama vilivyo, na mpige picha kabla fundi hajagusa chochote.