Kwa mnaoanza kazi ya rili: msihukumu kanda kwa spidi yake

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, ombi langu la kwanza kwenu ni hili: mkiona boksi la rili, yaani kanda ya sauti iliyozungushwa kwenye gurudumu lake, limeandikwa inchi 3¾ kwa sekunde, msikunje uso. Nimeshasikia mafundi wakimwambia mteja, "Mzee, hii ni ya spidi ndogo, sauti yake ndiyo hiyo hiyo," na kanda yenyewe haijazunguka hata nusu dakika.

Nazungumzia rili za dukani, zile zilizouzwa zikiwa tayari na muziki kutoka kiwandani. Za stirio zilianza Marekani miaka ya 1950 kwa spidi ya inchi 7½ kwa sekunde, yaani sentimita 19. Baadaye, miaka ya 1960, kampuni zikatoa pia za inchi 3¾, sentimita 9.5. Ilikuwa hesabu ya biashara: rili ya futi 1,200 inayokwisha kwa dakika 32 hufika dakika 64 ukipunguza spidi nusu, kwa hiyo muziki uleule unakula nusu ya kanda.

Hasara ipo, siwafichi. Mvumo wa kanda unasikika zaidi, na sauti za juu ndizo zinazoumia. Sauti ya hezi 10,000 kwenye kanda ya sentimita 19 huandikwa kwa wimbi lenye urefu wa mikromita 19; kwenye ya 9.5 wimbi hilo hubanwa likawa mikromita 9.5. Uchafu ukiinua kanda mikromita moja tu kutoka kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, ile ya haraka inapoteza karibu desibeli 3 za sauti hiyo, ya polepole inapoteza karibu 6. Uchafu ni uleule, lakini adhabu ni maradufu. Na sisi hapa Mwanza uchafu tunao: vumbi la kiangazi, unyevu wa ziwa unaoleta ukungu, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini, usiku wakaja kufia kwenye taa. Nimeshatoa bawa la mdudu kwenye njia ya kanda kwa kibano cha nyusi.

Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja wa Capripoint aliniletea rili ya piano ya inchi 3¾. Nikaicheza, ikasikika kama inapigwa nyuma ya blanketi. Nikapandisha sauti za juu kwenye ekwalaiza, nikamkabidhi faili, akalipa, akaondoka bila neno. Wiki hiyohiyo nikasafisha mashine kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka na rangi ya kahawa. Niliona haya. Nikampigia simu arudi na kanda yake, nikaicheza bila ekwalaiza yoyote, na safari hii nyundo ya piano ikasikika ikigonga waya. Mzee akainama kuelekea spika, mkono nyuma ya sikio. Kumbe sauti yote ilikuwemo siku zote. Tangu hapo sigusi ekwalaiza kabla hedi haijasafishwa, na nasafisha kabla ya kila kanda, si kila asubuhi.

Baada ya usafi, angalieni pembe ya hedi. Ikiinama kidogo tu, kanda ya polepole ndiyo inayolalamika kwanza. Pigeni alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu inayoiinamisha hedi ili mjue pa kurudi. Unganisheni kushoto na kulia kuwa mono, tafuteni mahali penye matoazi, kisha zungusheni bisibisi taratibu, kidogo kuliko mnavyodhani, mpaka matoazi yawe makali kabisa. Mkigeuza upande wa pili sikilizeni upya. Na mkisikia kwa mbali muziki unaokwenda kinyumenyume, huo ni wa upande mwingine: hedi haijakaa kwenye kimo chake.

Kuna kosa jingine ambalo hulaumiwa kanda bure. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa kule, hezi 60. Umeme wetu ni hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, mapigo hayaguswi, kwa hiyo mota inakwenda sehemu tano kati ya sita za spidi yake na muziki unashuka nusutoni tatu hivi. Mwimbaji wa kike anasikika kama amelala. Kabla hamjasema kanda imenyooka, someni kibao cha nyuma ya mashine. Dawa yake ni puli, au mkono wa kapstani (ule mhimili unaovuta kanda), uliotengenezwa kwa hezi 50.

Halafu kuna kiwanda. Kanda hizi zilinakiliwa kwa mashine zinazokimbia mara nyingi ya spidi ya kawaida. Kwa mara nane, ile sauti ya hezi 10,000 inapita ikiwa hezi 80,000, na hapo ndipo kazi ya ovyo inapojitenga na kazi ya makini. Ndiyo maana nimeshasikia rili ya 9.5 iliyonakiliwa vizuri ikaipita ya 19 iliyolipuliwa. Kama kiwanda kilipoteza sauti, hakuna bisibisi itakayoirudisha. Mwambieni mteja ukweli huo, lakini mkiwa mmeshasafisha na kupima. Kwenye boksi za miaka ya 1970 tafuteni pia alama ya Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda. Ikiwepo, ichezwe kwa Dolby B, la sivyo sauti za juu zitang'aa kupita kiasi.

Mkimaliza upande wa kwanza msirudishe kanda kwa kasi. Geuzeni, mcheze wa pili mpaka mwisho: kanda inajikunja yenyewe kwa ulaini kwenye rili yake ya asili. Andikeni kwenye karatasi skrubu ilisogea kiasi gani na upande upi, kisha muiweke ndani ya boksi. Atakayeifungua tena baada ya miaka kumi ataanzia mlipoishia.