Maswali ya wasomaji: unafuu wa wakati wa UVIKO-19 uliishia wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2020 wageni wetu walifuta safari, nami nikabaki na mkopo wa gari ambao hadi leo sijaumaliza. Wenzetu wa Taveta, upande wa Kenya, wanasema serikali yao iliwapunguzia kodi. Je, sisi hatukupewa chochote, au kilikuwepo na hatukujua? Na mkopo huu unaweza bado kuzungumzwa? – Msomaji, Moshi

JIBU: Kilikuwepo, ila hakikuja kama fedha mkononi, na ndiyo maana wengi hawakukiona. Ni kweli kwamba Kenya, kuanzia Aprili 2020, ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 na kuwaondolea kodi ya mshahara wafanyakazi wenye kipato kisichozidi shilingi 24,000 za huko kwa mwezi. Tanzania, ambayo haikuwafungia watu ndani, ilipitishia sehemu kubwa ya unafuu wake kwenye mabenki. Tarehe 12 Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza kupunguza kiwango cha amana ambacho mabenki hulazimika kukiweka kwake, kutoka asilimia 7 hadi 6, ikashusha pia riba inayoyatoza mabenki yanapokopa kwake, kutoka asilimia 7 hadi 5. Mtumiaji wa simu naye aliruhusiwa kufanya miamala ya hadi shilingi milioni 5 kwa siku badala ya milioni 3.

Kipengele kilichokuhusu wewe moja kwa moja kilikuwa kingine. Katika tangazo hilohilo, mabenki yalitakiwa kuyachunguza matatizo ya wakopaji walioathirika na kujadiliana nao namna ya kupanga upya mikopo, na Benki Kuu ikaahidi kuyalegezea masharti mabenki yatakayofanya hivyo kwa uwazi na bila upendeleo. Hata hivyo, hakuna benki iliyolazimishwa kumwongezea muda kila mteja. Aliyeandika barua na kupeleka vielelezo aliweza kusikilizwa, na aliyekaa kimya akingoja kuitwa aliendelea kuhesabiwa siku za kuchelewa kama kawaida. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya utaratibu ule, kwa sababu tangazo liliwafikia wakurugenzi wa mabenki mapema kuliko lilivyomfikia mtu mwenye gari moja na wageni wa msimu mmoja, ilhali watalii walioingia nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, na pigo hilo liliangukia sana mikoa ya Kilimanjaro na Arusha.

Mkopo wako bado unaweza kuzungumzwa, kwani kuomba kupangiwa upya marejesho hakuhitaji janga. Iandikie benki barua, ambatanisha mapato yako ya miezi ya karibuni, taarifa za safari zilizofutwa wakati ule na zile ulizo nazo sasa, kisha taja mwenyewe kiasi unachoweza kulipa kila mwezi. Uliza kwa uangalifu jambo moja kabla ya kusaini: ukiongezewa muda, riba inaendelea kuhesabiwa kwenye deni lote au la? Mara nyingi inaendelea, na mtu aliyefurahia rejesho dogo hujikuta analipa jumla kubwa zaidi. Kuhusu kodi, unaruhusiwa kurekebisha makadirio yako katikati ya mwaka biashara inapoanguka, na Mamlaka ya Mapato inaweza kukukubalia kulipa deni kwa awamu ukiomba kwa maandishi na kueleza sababu.

SWALI: Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni kupitia geti la Machame. Mwaka ule kampuni ilituambia tukae nyumbani, basi. Nasikia kuna fao la kukosa ajira. Sisi tunalipata? – Msomaji, Machame

JIBU: Ndugu yangu, swali lako ndilo lililonigusa kuliko yote, kwa kuwa linamhusu mtu aliyeachwa nje ya kila mlango. Fao hilo lipo: Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii humlipa mwanachama aliyepoteza kazi bila kuacha kwa hiari yake asilimia 33.3 ya mshahara, kwa miezi 6, mradi awe amechangiwa kwa angalau miezi 18. Mgumu anayelipwa kwa safari, ambaye hakuna aliyewahi kumkatia mchango, hapati kitu. Hii si haki, nami naiandika hivyo bila kusita, kwa maana hakuna mgeni anayefika kileleni bila mabega yenu.

Hata hivyo sheria haijakusahau kabisa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema kwamba mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita anachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata kama hakuna karatasi yoyote, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Safari moja ya siku 6 au 7 kila mwezi hukaribia saa hizo au kuzipita. Kwa hiyo andika kwenye daftari kila safari, yaani tarehe, geti, jina la kampuni, jina la kiongozi wa msafara na malipo uliyopewa, na utunze jumbe za malipo kwenye simu. Ukiachishwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama ya malipo yasiyolipwa, yana siku 60. La mwaka 2020 limeshapitwa na muda huo. Kwa siku zijazo, unaweza pia kuchangia Mfuko kwa hiari kama mtu aliyejiajiri, ukijenga pensheni yako.

SWALI: Kikundi chetu cha mama lishe kilikopa halmashauri, tukakwama wakati wa korona. Je, deni lilisamehewa? Tunaweza kukopa tena? – Msomaji, Kilombero, Arusha

JIBU: Mama, msidhani kwamba limefutwa. Mkopo huo hauna riba, lakini ni fedha ya kurudishwa, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na cheti cha usajili wa kikundi na stakabadhi za marejesho mliyokwisha kutoa, mwombe salio kwa maandishi na mkubaliane ratiba mpya ya kulimaliza kabla ya kujaza fomu ya mkopo mwingine.