Ukibadilisha namba kuu peke yake umejidanganya: futa za wote kwanza

Simama hapo hapo mkuu. Usibonyeze kitu mpaka umalize kusoma.

Umesema umehamia Kigamboni, umekuta alamu ya wizi ya DSC ukutani, aliyekuuzia nyumba kakutumia namba kuu (ile ya mwenye nyumba, inayoweka na kufuta namba za wengine) kwa WhatsApp, unataka kuweka yako tu basi. Halafu kuna ule mlio wa pii-pii usiokoma, kuna habari ya kuunganisha kamera na simu, na umeuliza kama kampuni ya ulinzi ya kulipia kila mwezi ina faida. Nimesoma yote. Ila nimeganda kwenye ile sentensi ya fundi wako: "ukibadilisha namba kuu, za zamani zote zinakufa zenyewe."

Daah. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwenye korido ya nyumba yangu Goba, na fundi ameshika glasi ya juisi ya ukwaju niliyomkaribisha mwenyewe. Nilimpa juisi mkuu! Ya baridi! Na elfu themanini juu.

Hazifi.

Kwenye hizi DSC za toleo la PowerSeries, namba kuu inakaa nafasi ya 40. Namba za watumiaji wengine zina nafasi zao: 01, 02, 03 na kuendelea. Kila moja inajitegemea. Ukibadilisha ya 40, umebadilisha kitasa cha chumba chako cha kulala kwenye nyumba ya kupanga, halafu unatembea kifua mbele ukidhani wapangaji wengine wote wamehama. Wapo. Wanakusikia unavyokoroma. Ile alamu haijui kama nyumba imeuzwa, haijasoma mkataba, haikuwepo kwa mwanasheria. Inachojua ni namba ya tarakimu nne iliyo sahihi, basi, inafungua.

Sasa ngoja nikueleze iliyonikuta, na anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Nilinunua ile nyumba kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia mkoani. Akanipa funguo, akanipa namba kuu, 1971, nadhani mwaka wake wa kuzaliwa. Siku ya kwanza nikasimama mbele ya kile kibao cha namba nikaona kitu. Kibonyezo cha 1 kina maandishi yake safi, cha 9 safi, cha 7 safi. Ila mstari wa katikati, kuanzia juu kushuka chini, 2, 5, 8 na 0, umefutika mpaka plastiki inang'aa kama kisigino cha ndala ya zamani. Nikachukua kitambaa nikafuta nikijua ni mafuta ya jikoni. Mimi huyu, nina shahada ya chuo kikuu, nafuta ushahidi kwa kitambaa cha vyombo na kupuliza mluzi.

Fundi akaja, akabadilisha betri, akaweka namba kuu mpya, dada wa kazi akampa yake nafasi ya 02. Nikamuuliza, "Na hawa wa zamani?" Ndipo akanipa ile hotuba ya zinakufa zenyewe. Akaongeza, "Tulia bosi, hii mashine ya Kanada." Kweli DSC ilianzia Kanada. Sasa Kanada inahusikaje na uvivu wako wa kubonyeza vitufe ufute namba za watu?

Vitasa nilibadilisha, mlango wa mbele na geti. Mlango wa jikoni nikasema mwisho wa mwezi. Hapo nitukane, nakupa ruhusa.

Tukaenda Moshi kwenye harusi, Ijumaa hadi Jumapili. Dada tukampa ruhusa akalale kwa dada yake Mbagala. Tunarudi Jumapili jioni, alamu imefungwa vizuri kabisa, taa nyekundu inawaka kama tulivyoiacha. Naweka namba yangu, inafunguka, naingia sebuleni. Ukutani kuna misumari. Runinga haipo. Kompyuta mbili hazipo, moja ya ofisi. King'amuzi hakipo, mtungi mkubwa wa gesi haupo, na kabati la mama watoto limechaguliwa vitenge kwa ustadi, vile vya bei vimekwenda, vya kawaida vimekunjwa vikarudishwa. Hakuna kioo kilichovunjwa. Hakuna mlango uliong'olewa. King'ora hakikulia, jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwepo wikiendi nzima na hakusikia chochote.

Fikiria akili ya mtu aliyetoka safari saa kumi na mbili jioni akakuta hivyo. Milango mizima. Alamu imefunguliwa kwa namba, na mtu alipotoka akaifunga tena. Ndani ya kichwa changu namba zilikuwa mbili tu duniani, yangu na mama watoto tunayotumia pamoja, na ya dada. Za zamani si zilikufa? Si niliambiwa?

Nilimpigia dada simu arudi usiku ule ule. Alirudi na mfuko wa machungwa ametuletea. Sitaandika nilichomwambia. Alilala kituoni usiku mmoja kwa maneno yangu mimi, kesho yake akatolewa kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumshikia, akapitia nguo zake getini hakuingia ndani.

Siku nne baadaye akaja fundi mwingine, kijana mdogo, kazi yake kuongeza kijicho cha kunasa mwendo jikoni. Namsimulia, ananitazama tu. Akauliza, "Bosi, umeangalia kumbukumbu?" Kumbukumbu gani? Akabonyeza nyota, sita, akaniambia niweke namba kuu, akasogeza kwa mshale. Kile kioo kidogo cha kibao kinaandika kila tukio kwa Kiingereza cha mkato. Tukarudi nyuma moja moja. Nimefunga mimi. Nimefungua mimi. Tukafika pale. Imefunguliwa na mtumiaji 07. Imefungwa na mtumiaji 07. Kati yake dakika arobaini na moja.

Dada alikuwa 02.

Tarehe na saa zilizoandikwa pale zilikuwa za uongo mtupu, maana yule mnywa ukwaju alizima umeme na betri akawasha tena bila kurekebisha saa. Kwa hiyo hata polisi sikuwa na cha kuwapelekea zaidi ya "afande, ni saba." Nikampigia yule mzee. Akakumbuka bila shida: "Ah, saba? Hiyo ni ile ya moja kwa moja, mbili-tano-nane-sifuri. Nilimpa msimamizi kipindi nyumba inapangishwa wageni wa siku mbili tatu." Na msimamizi alimpa nani? Kila mgeni. Na ufunguo wa jikoni ulikuwa unaachwa wapi? Chini ya ndoo ya maua. Mzee alikuwa ananieleza haya kwa furaha kabisa, kama mtu anayekumbuka enzi zake.

Mali yote niliyopoteza nilipiga hesabu ikafika kama milioni sita. Hiyo ya runinga niliisamehe zamani, sasa hivi naangalia mpira kwa jirani na mihogo wananipa. Dada nilimtumia mshahara wa mwezi ule pamoja na nyongeza, na ujumbe mrefu. Hela zikarudi zote baada ya robo saa, makato kalipa mfukoni kwake.

Haya. Chukua kiti, simama mbele ya kibao chako, fanya hivi LEO, kabla hujala. Bonyeza nyota, tano, halafu namba kuu uliyopewa. Kibao kitakuuliza nafasi gani. Weka 01, halafu bonyeza nyota, imefutwa. Weka 02, nyota. 03, nyota. Nenda hivyo hivyo usiruke, hata ile ambayo unaona haina kitu, ipige nyota, haina hasara. Aliyekuuzia akikwambia "niliweka tatu tu" mshukuru kwa heshima zote kisha endelea kufuta. Ukimaliza zote ndipo uende 40, uweke namba kuu yako mpya, na usiweke mwaka wa kuzaliwa wala 2580. Kisha wape watu wako namba zao, kila mtu na yake, na uandike kwenye daftari nani ni ngapi. Sisi wa namba moja kwa familia nzima ndio tunaolaza watoto wa watu kituoni.

Rimoti ndizo watu wengi wanazisahau. Kama mfumo wako una zile rimoti za kuning'iniza kwenye funguo, kufuta namba hakuzigusi hata kidogo. Mtu mwenye rimoti ya zamani anabonyeza tu akiwa getini, alamu inafunguka. Hizo zinafutwa kwa kuingia na namba ya fundi, ile ya kufungulia mipangilio ya ndani ya mashine: nyota, nane, namba ya fundi, sehemu ya 804, pale kwenye nafasi ya kila rimoti zinawekwa sifuri sita. Namba ya fundi ya kiwandani ni 5555. Ikikubali, ibadilishe, maana nami nimeijua, na kila anayesoma hapa sasa anaijua.

Ikikataa, ujue kuna fundi aliibadilisha, na hapo watakuja wataalamu wa mtandaoni kukwambia uzime umeme, uchomoe betri, ulaze waya kati ya Z1 na PGM1, zile sehemu za kufungia waya kwenye bodi, uwashe sekunde kumi, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Inafanya kazi, lakini sikiliza kwanza. Ukiwasha ile bodi ikatoa sauti ya tk-tk-tk-tk haraka haraka, mwenzako aliweka kufuli la fundi, na waya wako hautasaidia kitu. Na hata isipotoa sauti, ikirudi kiwandani inasahau kila kitu, zoni zote, vijicho vyote, ipi mlango ipi dirisha. Utakuwa na boksi la chuma ukutani lenye akili ya kitoto kichanga na king'ora cha mtu mzima. Mpigie simu aliyekuuzia umuulize fundi wake nani, hiyo ni rahisi kuliko zote, na kama bado unamdai au anakudai kitu chochote ndiyo nafasi yako.

Pii-pii ni betri, karibu nina hakika. Bonyeza alama ya reli (#) inyamaze, bonyeza nyota, kisha mbili, ikwambie tatizo. Betri ni volti 12, ampea-saa saba (7Ah), maduka ya umeme wanazo.

Na huyo fundi wako, kama yupo hapo kabla hujafuta, muombe akuoneshe kwa vitendo. Mwambie aweke namba kuu mpya, kisha mpigie aliyekuuzia mbele yake, omba namba moja ya zamani ambayo haijafutwa, funga alamu, iandike kwenye kibao taratibu. Mtazame usoni taa ya kijani inapowaka. Juisi usimpe.

Ukimaliza lete mrejesho hapa, taja ulikuta ngapi.